Babu Isaka Hakuwa na Mke

Aziziya, Jeddah
2 Machi 1976

Ernest wangu, wangu, wangu,

Nimeliandika mara tatu kwa sababu wino ni wangu na mume ni wangu. Zile salamu tulizofundishwa shuleni, za mimi mzima hofu ni kwako, leo naziruka. Hali yangu unaijua. Uliiacha mlangoni kwa Bi Nunu, inalia na kucheka kwa pamoja.

Ah, mume wangu, siku zile! Mungu aibariki ile meli ya mabomba yenu iliyokosa nafasi bandarini! Jeddah nzima inalalamika kwamba meli zimejipanga baharini mpaka saruji inateremshwa kwa helikopta, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naomba zisishushe kitu. Kampuni imekutuma kuchukua mabomba, mabomba yamechelewa, mimi nikapata mume. Tangu tufunge ndoa Moshi hatukuwahi kukaa pamoja hata nikajua unalala upande gani wa kitanda. Sasa najua. Unalala upande wangu.

Sista Annamma ananicheka. Ni yule Mhindi wa Kerala niliyekwambia, mkuu wa zamu yetu pale kliniki, tunalala chumba kimoja hapa bwenini. Jana kaniambia, "Asumpta, sindano hizi umezichemsha mara mbili. Akili umeiacha wapi?" Nikamwambia akili imepanda lori la mabomba, iko njiani kwenda Riyadh.

Barua hii anakuletea Bwana Ussi mwenyewe kwa lori lake. Huyu mzee wa Kizanzibari nampenda, yeye na mkewe Bi Nunu. Wametupa chumba chao bila kuuliza dini wala kabila. Nilipompa bahasha akaipima mkononi, akasema, "Hebu, mwanangu! Wallahi nitakamatwa kwenye mizani kwa mapenzi yenu."

Sasa dua yangu ni moja tu, usiku na mchana: nyumba. Wewe uko kambi ya wanaume, mimi niko bweni lenye mlinzi mlangoni. Uliniambia msimamizi wa kikosi hupewa nyumba ya familia, na mke huhamishiwa ikama yake, kile kibali cha kuishi, kwa kafili, mdhamini wa mumewe. Basi, mpenzi, uwe msimamizi! Chomelea mabomba mpaka mudiri, huyo meneja wenu, aone haya kutokupa. Mimi nimeshaanza kupanga jiko.

Nakubusu kwenye lile kovu la moto mkononi.

Mkeo, mkeo, mkeo,
Asumpta

*

Kambini, Riyadh
19 Machi 1976

Mke wangu Asumpta,

Barua imefika, na Bwana Ussi kanipa kwa sauti kubwa mbele ya watu ili wanicheke. Nimefurahi. Lakini nisikufiche, furaha hiyo ndiyo pekee niliyonayo.

Unamkumbuka Ambrose, Mkenya niliyefanya naye kazi karakana ya reli Nairobi. Nilikula kwake, nilimsimamia mtoto wake ubatizo. Kuja huku nilimtafutia nafasi mimi. Nilipokuwa Jeddah alikwenda kwa mudiri akamwambia kwamba sisi Wakristo wa kambi tunakusanyika Ijumaa ndani ya kontena la vifaa kuimba, na kwamba kiongozi ni mimi. Kwa nini? Alitaka kitanda cha chumba chenye kiyoyozi. Amekipata.

Mudiri hakunifukuza, kwa sababu wachomeleaji ni wachache. Ila Biblia yangu imekwenda, ile aliyonipa marehemu mama, na mimi nimeondolewa kwenye uchomeleaji nikapelekwa kwenye mtaro na sururu. Nachimba mchanga ambao upepo unaurudisha. Na Ambrose huyo huyo ananipita juu ya mtaro na kusema, "Pole, bro. Si unajua tu vile maisha iko."

Sina cha kumjibu ambacho kinafaa kuandikiwa mke. Kila asubuhi ninapoamka, kabla sijakukumbuka wewe, namkumbuka yeye. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usipange jiko bado. Mtu wa mtaroni hapewi usimamizi.

Mumeo,
Ernest

*

Aziziya, Jeddah
4 Aprili 1976

Roho yangu Ernest,

Nimelia, nikafuta, nikamlaani Ambrose kwa Kichaga ili Sista Annamma asielewe. Akaelewa. Akaniuliza, nikamsimulia yote huku tunakunja shashi. Basi akanipa dawa, nami nakutumia. Nimekupatia babu!

Anaitwa Isaka. Nitamwita Babu, kwa sababu kila mtu ana babu na hakuna atakayeuliza huyu ni nani hata barua ikifunguliwa. Huyu alikuwa mtawa, mwalimu mkubwa wa mambo ya Mungu, miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Kanisa la akina Sista Annamma linamsoma mpaka leo. Baba yake mdogo ni padri, anamsoma kwa Kisiria, naye Sista amemsikiliza tangu utotoni. Na unajua Babu alizaliwa wapi? Huku huku! Pwani ya Ghuba, upande wa mashariki, pale pale wanapochimba mafuta sasa. Kulikuwa na monasteri na maaskofu. Sista anasema labda bomba linapita juu ya kaburi la mama yake, na hakuna ajuaye. Fikiri, Ernest! Tulidhani sisi ni wageni hapa, kumbe babu yetu ni mwenyeji!

Sasa sikia alichofundisha. Anasema moyo wa huruma ni moyo unaoungua kwa ajili ya kila kilichoumbwa: watu, ndege, wanyama, na hata mashetani. Mwenye moyo huo akimwona mdudu anaumia, machozi yanamtoka. Niliposikia nikaweka shashi chini. Moyo unaoungua! Si ndio mimi? Nikiona fulana yako uliyosahau kwa Bi Nunu, machozi. Nikiona lori lolote, machozi. Nilimwambia Sista kwamba Babu bila shaka alikuwa amependa. Akacheka mpaka akashika tumbo: "Asumpta, huyu ni mtawa! Wewe unataka kumfanya mshenga!"

Acha niwe naye mshenga. Kila barua nitakuwekea neno lake moja, kama watu wanavyoweka ua. La leo ni hili la moyo. Na hao mashetani aliowataja, basi fungu hilo mpe Ambrose. Usimchukie, mpenzi. Chuki inachukua nafasi yangu asubuhi, na mimi nina wivu. Nataka ukiamka niwe wa kwanza.

Wako anayeungua,
Asumpta

*

Kambini, Riyadh
25 Aprili 1976

Mke wangu,

Barua yako ya Babu nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Nilikwenda nayo mtaroni ndani ya kofia. Mwanzoni nilikasirika. Nilisema, huyu mzee hajawahi kulala kambi moja na Ambrose. Halafu lile neno la mashetani likanikaa kichwani kama msumari. Kama aliwalilia wale, mimi nani?

Wiki ile Ambrose akapata homa. Wenzake wa chumba chenye kiyoyozi walimtoa nje kwa kuogopa kuambukizwa, akawa amelala kwenye kivuli cha tangi. Nilipita mara ya kwanza. Mara ya pili nikampelekea chai. Alikunywa huku anatazama pembeni. Mara ya tatu akaniuliza, "Umetia nini ndani?" Nikamwambia sukari. Akacheka, nikacheka. Asumpta, sikuwa nimecheka tangu nitoke Jeddah. Kesho yake niliamka nikakukumbuka wewe kwanza.

Na sasa kaa chini. Msimamizi wetu Mlebanoni amekwenda kwao na hakurudi, vita vimemzuia. Wachomeleaji wawili waliojaribiwa baada yake wameshindwa. Mudiri aliniita akasema, "Ernest, toka mtaroni, chukua kikosi. Yalla." Na nyumba! Vyumba viwili, jiko, na ua mdogo wa saruji, nyumba za wenye familia, upande wa pili wa barabara. Nitakabidhiwa ufunguo mwanzoni mwa Juni. Karatasi zako za kuhamia kwa kafili wangu zimeanza kushughulikiwa.

Jana nilikwenda sokoni Batha. Nimenunua birika na kitambaa cha pazia, rangi ya kijani. Kama hukipendi usiniambie.

Niletee zaidi habari za Babu. Huyo mzee amenitendea kitu. Alikuwa askofu au mtawa tu? Na kwa nini alikwenda kukaa peke yake?

Mumeo,
Ernest

*

Aziziya, Jeddah
9 Mei 1976

Mheshimiwa Msimamizi, mume wangu, mfalme wa vyumba viwili!

Kijani naipenda! Hata ungenunua rangi ya matope ningeipenda! Nimembeba Sista Annamma nikamzungusha, na mnene vile alivyo. Bi Nunu amepiga vigelegele hadi majirani wakachungulia, akasema, "Sasa utajua ndoa, mwanangu. Mpaka hapa ulikuwa unacheza kombolela." Nimeshamtangazia kila mtu kliniki. Hata wagonjwa wanajua.

Sasa Babu. Ndiyo, alikuwa askofu, tena wa Ninawi, mji mkubwa. Lakini alikaa miezi mitano tu! Sista anasimulia hivi. Siku moja walikuja watu wawili, mmoja anamdai mwenzake. Mdai akasema, asiponilipa leo nampeleka kwa hakimu. Babu akamwambia kwa upole kwamba Injili inatufundisha hata tusidai kilichochukuliwa, basi mpe angalau siku moja. Yule mtu akajibu, "Hayo ya Injili yaweke kando kwanza." Babu akasema, kama ya Injili yanawekwa kando, mimi nimekuja kufanya nini hapa? Akavua uaskofu, akapanda milimani kwa wakaapweke. Akala mikate michache kwa wiki na mboga mbichi, akasoma mpaka macho yakapofuka, na hapo ndugu wakawa wanaandika anayoyasema.

Ernest, niambie, si ndiyo mapenzi haya? Mtu anatupa kiti cha uaskofu kama ganda la ndizi kwa ajili ya mpenzi wake, hata kama mpenzi mwenyewe ni Mungu! Nilitamani nipendwe hivyo. Halafu nikakumbuka kwamba napendwa.

Na alifundisha jambo jingine lililowatisha wakubwa wa dini: kwamba tusimwite Mungu mwenye haki, kwa maana kama angetupa haki yetu, nani angesimama? Huruma yake, anasema, imeizidi haki yake kama bahari inavyozidi konzi ya mchanga. Wako waliompinga kwa hayo. Mimi nimemkubali.

Nina kitu chako. Sikwambii. Usimwulize Bwana Ussi, hajui. Nitakuambia nikiwa nimesimama ndani ya jiko letu, mkono mmoja umeshika birika lako. Nataka nikuone uso. Kitu kama hicho hakiandikwi kwenye karatasi inayosafiri na magunia ya saruji.

Juni, Juni, Juni!

Asumpta wako

*

Aziziya, Jeddah
9 Mei 1976

Dada Serafina,

Shikamoo. Najua umenikasirikia kwa kutoandika, lakini soma kwanza ndipo unune.

Nina mimba! Ni ya ile safari ya Ernest ya kungoja mabomba. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ukimwacha Sista Annamma, ambaye alijua kabla yangu kwa sababu nilitapika kwenye beseni lake. Dada, usimwandikie Ernest, nakuomba kwa jina la mama. Nataka nimwambie uso kwa uso katika nyumba yetu. Nimekwisha panga hata nitakavyosimama.

Sista hapendi mpango huu. Ananiambia kila siku, "Mwambie mumeo sasa hivi." Sheria ya bweni letu ni kali: muuguzi akionekana na mimba mkataba unakatwa, anarudishwa kwao, isipokuwa kama mume ana nyumba ya familia na ikama yake imehamia kwa kafili wa mume. Lakini nyumba tunayo! Ufunguo ni Juni, na mimi tumbo langu, unavyonijua nilivyo mrefu, halitaonekana kabla ya hapo. Sare zetu ni pana. Sista ananifichia, zamu nzito anazichukua yeye.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mpe baba salamu. Mwambie mjukuu wake atazaliwa Riyadh, katika nyumba yenye mapazia ya kijani.

Mdogo wako mwenye raha kuliko wote,
Asumpta

*

Kambini, Riyadh
3 Juni 1976

Mke wangu, mwalimu wangu,

Naandika nikiwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo, na nataka uwe wa kwanza kuisikia.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapiga presha kwenye bomba jipya. Ukishalaza mabomba unayajaza maji, unapandisha nguvu taratibu, na mtu mmoja anakaa penye pampu kutazama geji, ili ikifika mahali pake azime. Nilimweka Ambrose. Alilala. Jua lilikuwa kali, naye tangu ile homa hajapata nguvu. Geji ikapita, kiungo kikapasuka, maji yakaingia chini ya nyumba mpya ya mtu mkubwa. Mazulia, taa, kila kitu.

Mudiri aliniita. Hakupiga kelele. Alisema, "Nipe jina la aliyekuwa kwenye pampu. Mtu mmoja anaondoka wiki hii, kafili anataka kuona mtu ameondoka."

Nikamwambia, "Kikosi ni changu. Kosa ni langu."

"Wewe sikufukuzi, nakuhitaji. Nataka jina."

"Ana watoto watano. Amekuwa mgonjwa. Msamehe."

Akaniambia, "Ernest, sikukuita kuhubiri. Dini weka kando. Jina."

Asumpta! Ni maneno yale yale! Nilimwona Babu amesimama kando ya meza. Nikasema, "Kama kazi ya msimamizi ni hii, basi mimi nakaa hapa kufanya nini?" Nikaweka filimbi ya usimamizi mezani, na ufunguo wa nyumba, ambao alikuwa amenipa kabla ya siku yake, Jumatatu ya wiki ile ile. Alinitazama sana. Akasema, "Halas, basi. Rudi kwenye kuchomelea." Mshahara wangu ulikatwa kumlipa kafili, akaridhika, na hakuna aliyefukuzwa.

Nilipotoka Ambrose alikuwa ananingoja nje. Nikamwambia arudi kazini. Akakaa chini mchangani akalia kama mtoto.

Najua utaumia kwa nyumba. Mimi pia niliumia kidogo nilipolikunja lile pazia. Lakini sisi bado vijana. Hatuna mtoto, hatuna anayelia njaa. Tunaweza kungoja mwaka mmoja mwingine. Yeye anao watano. Nilijua ungeniambia nifanye hivi hivi, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha. Ulisema ulitamani kupendwa na mtu wa namna ile. Basi nimejaribu.

Ulisema una kitu changu cha kuniambia. Niandikie tu, mpenzi. Usingoje nyumba.

Mumeo,
Ernest

*

Kwa Bi Nunu, Jeddah
12 Juni 1976

Ernest,

Kitu chako ni mtoto. Umeniambia nikuandikie, basi nimeandika.

Ni wa zile siku za mabomba. Nilitaka kukuambia nikiwa jikoni. Sista Annamma alinisihi nikuambie mapema, nikamcheka, nikamwambia hajui mapenzi. Kwa hilo nimejilaumu vya kutosha, na sitaki uniongezee.

Barua yako niliisomea kliniki, nimesimama. Nilipofika pale uliposema hatuna mtoto nikakaa sakafuni. Mkuu wa bweni akaja kuninyanyua, akanishika kiunoni, akajua. Jioni ile ile sanduku langu liliwekwa mlangoni. Tiketi yangu ni ya tarehe ishirini na sita. Bi Nunu amenichukua mpaka siku hiyo. Nikishatoka, viza nyingine sipati, na wewe mkataba wako una miaka miwili mbele. Ukiuvunja hawakupi karatasi ya kutokea. Mtoto atakujua akiwa anatembea na kuzungumza, na atakuogopa.

Umesema Babu alisimama kando ya meza. Na mimi nilisimama wapi? Hukuniona? Ulinunua pazia, ukalikunja, ukaumia kidogo. Kidogo, Ernest.

Nilimpelekea Sista barua yako nikidhani atanionea huruma kwa kukusema. Akaisoma polepole, akaniambia, "Amefanya kitu kikubwa." Nikamwambia akitoe kwenye nyumba yake, si kwenye yangu. Akasema, "Nilikwambia mapema, yule ni mtawa."

Ndiyo. Nimeelewa sasa. Babu Isaka hakuwa na mke. Alipovua uaskofu hapakuwa na mtu aliyekwisha funga mizigo kwenda kukaa naye. Milimani alikula mboga zake mbichi, na hakuna aliyelala na njaa kwa sababu yake. Na alipopofuka, walikuwepo watu wa kumshika mkono na kumwandikia. Nilimwuliza Sista majina yao. Hajui. Hakuna anayejua. Wao ndio waliochota maji.

Mimi nilikutumia maneno ya mapenzi. Nilitaka uyasome ukinifikiria mimi. Ukayachukua ukampelekea Ambrose.

Aliyekuuza kwa kitanda ni yeye. Aliyelala kwenye pampu ni yeye. Mimi sikulala, nilikuwa nasimama zamu na miguu imevimba ndani ya sare pana, naficha mtoto wako. Basi nakuambia mimi, mkeo, tena bila ua la kuweka ndani ya barua: nenda kwa mudiri. Mwambie jina. Omba ufunguo. Karatasi zangu bado ziko ofisini kwenu, zikitoka kabla ya tarehe ishirini na sita, sipandi ndege. Watoto watano wa Ambrose wana baba aliyekwisha waona. Wangu anaye nani?

Kama huwezi, usiniandikie kuhusu amani yako. Sitaki kuisikia.

Asumpta

*

Kambini, Riyadh
22 Juni 1976

Asumpta,

Bwana Ussi ameahidi kuendesha bila kulala njiani ili hii ikukute kabla hujaondoka. Alinikabidhi barua yako bila mzaha safari hii. Alisema tu, "Mwanangu, soma ukiwa umekaa."

Nimefanya ulivyoniambia. Sikungoja hata nibadili nguo. Nilikwenda kwa mudiri na miwani ya kuchomelea bado iko shingoni, nikamwambia, "Aliyekuwa kwenye pampu ni Ambrose." Sikueleza kwamba ametoka kuugua wala kwamba ana watoto. Jina tu, kama alivyotaka.

Akafurahi. Akaniagizia chai. Akasema sasa naanza kuwa na akili, na filimbi akaitoa kwenye droo, akanisukumia. Nikaichukua. Nikamwuliza, "Na nyumba?"

"Nyumba mafi, hakuna," akasema. "Amepewa fundi wa Kipakistani Jumapili. Mkewe amekwisha fika. Mbona hukuja wiki iliyopita?"

Nikamwambia mke wangu ana mimba. Nikamwomba chumba chochote, hata stoo. Akanipa mkono wa hongera, akasema mwakani zitajengwa nyingine. Karatasi zako, bila anwani ya nyumba, hazisogei. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya kafili, nimekaa kibarazani mpaka wakafunga. Jana nimerudi tena. Leo pia.

Pesa za kujifungulia nimempa Bwana Ussi. Pazia pia. Lishone kitu.

Ambrose ameondoka leo asubuhi. Nilidhani atanitemea mate. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitaka. Lakini mudiri hakumwambia nani kasema. Ambrose alikuja kitandani kwangu na sanduku lake, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Ernest," akaniambia, "hawa watu wamejuaje, sijui. Wenye chumba changu labda. But mimi najua si wewe. Mimi nilikuchoma kwa mudiri, na wewe ukatoa nyumba yako juu yangu. Nikifika home nitawaambia watoto jina lako, wakuombee kila jioni, all five of them."

Watu walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa anafuta macho.

Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari.

Mumeo,
Ernest